Mbegu au Mlima?

Kahawa ya Nyeri ina mita zake. Mnunuzi kutoka ng'ambo atataka kujua imeota kwenye mwinuko gani, maana anajua kwamba kadiri shamba linavyopanda kuelekea mlimani ndivyo buni inavyokawia kuiva, na inayokawia hutoa punje ngumu zenye ladha nzito. Hata pareto, ua jeupe lililowalisha jirani zetu wa Nyandarua kwa miaka mingi, lilitaka baridi ya juu ili lichanue vizuri, na mkulima alilipwa kulingana na kiasi cha dawa ya wadudu kilichopimwa ndani ya maua yake makavu. Kwa hivyo wazo kwamba mwinuko huingia ndani ya mmea si geni kwetu. Tumelinywa na tumelisomeshea watoto.

Lakini kuna mti mmoja mlimani ambao watu huutaja mwinuko wake bila kuupima, ingawa dawa yake imefika hadi maduka ya Ulaya na Marekani. Sisi Wakikuyu tunauita muiri. Wataalamu wa mimea wanauita Prunus africana, na zamani waliuita Pygeum, jina ambalo bado limebaki kwenye chupa za vidonge. Hauangushi majani yake yote hata kiangazi kikikaza, na unaweza kupita mita 30 kwa urefu. Ukilifikicha jani lake kiganjani unanusa lozi chungu. Unaota katika misitu ya milimani kutoka Kameruni hadi Madagaska, na kwetu unaupata kwenye Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Kakamega.

Wazee walitumia gome lake kwa kifua, homa na tumbo, na kwa mifugo pia. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa ya gome hilo kwa wanaume ambao tezi dume yao imevimba kwa uzee, wale wanaoamka usiku mara tatu, mara nne, wakisimama chooni muda mrefu kwa mkojo kidogo. Baada ya hapo gome likavuliwa kwa tani. Mwaka 1995 muiri uliingizwa kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Maana yake ni kwamba gome halipaswi kuvuka mpaka bila kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji hauangamizi miti.

Swali langu ni hili: nguvu ya gome hilo inatoka wapi? Ni ya mbegu, yaani mti umezaliwa nayo, au ni ya mlima, yaani mti umeipata kwa kusimama pale uliposimama? Linasikika kama swali la watu wa maabara. Mimi naona kwamba jibu lake linabadilisha kabisa deni letu: tunadaiwa nini, na nani anatudai.

Hebu tupande kidogo, kutoka Karatina hadi kwenye mianzi. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6, na ile miale ya jua inayochoma ngozi bila kuonekana huongezeka kwa takribani asilimia 10. Mnyama akibanwa na baridi atashuka. Mti hauna miguu, kwa hivyo hujitetea kwa kemia. Tunachokiita dawa, kwa mti ni blanketi, mwavuli na mkuki. Ndani ya gome la muiri kuna steroli za mimea, hasa beta-sitosteroli, ambayo hata parachichi linayo. Steroli hukaa kwenye utando wa seli na kuuzuia usigande wala kulegea kupita kiasi. Kuna triterpeni, kama asidi ya ursoliki, ambazo huwakera wadudu na ukungu. Kuna pia asidi ya feruliki na jamaa zake, na hiyo hufyonza miale mikali ya jua na kukaza kuta za seli.

Ukiangalia kazi hizo tatu utaona mara moja kwamba kauli ya "ya juu ni kali" si kauli moja. Juu kuna baridi zaidi na miale zaidi, lakini mara nyingi kuna wadudu wachache. Kiambato cha kukinga miale kinaweza kuwa na sababu ya kupanda na mlima wakati kile cha kufukuza wadudu kinapungukiwa na kazi. Tena mlima wenyewe una pande. Upande wa kusini na mashariki, kuelekea Chogoria, mvua ni nyingi. Upande wa Naro Moru na Nanyuki ni mkavu, na huko mwerezi ndio unaotawala. Miti miwili ya muiri inaweza kusimama kwenye mita zilezile 2,200, mmoja ukinyeshewa karibu mwaka mzima na mwingine ukihesabu matone. Mwinuko, basi, ni jina la mkato la mambo mengi yanayotembea pamoja: baridi, jua, mvua, udongo, ukungu wa asubuhi.

Halafu kuna ukoo. Watafiti waliolinganisha magome ya muiri kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012, waliona kwamba viambato hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, na wakachunguza pande zote mbili, mazingira ya mti na nasaba yake. Kuzitenganisha pande hizo si kazi ya mchana mmoja. Ni lazima uchukue mbegu za mama mmoja, uzipande chini, katikati na juu, kisha ungoje miti ipate gome la kuvunwa. Muiri huchukua miaka kumi na zaidi kufika hapo. Anayeanza jaribio hilo akiwa na mvi, wajukuu ndio watakaoandika ripoti.

Sokoni hakuna anayengoja wajukuu. Siku moja nilisimama Karatina mbele ya mama aliyekuwa ametandaza magome juu ya gunia. Nilikuwa nimetumwa na baba yangu mdogo, anayeishi kuelekea Mweiga. Mama akaniambia, "Haya ni ya juu kabisa, mwanangu, kule karibu na mianzi. Ya chini hayana nguvu." Nikamuuliza anajuaje. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji hulowesha. "Si kule ni baridi? Kitu cha baridi hukomaa."

Sikuweza kumcheka, kwa sababu hoja yake ni hoja ya kaunti nzima. Sisi tulipelekwa shule za bweni, tukaoga maji ya mto wa barafu saa kumi na moja asubuhi, tukaambiwa kwamba baridi inatukomaza. Tunaamini kwamba mateso huzaa nguvu, kwa hivyo tunaamini upesi kwamba mti ulioteseka una dawa. Tunasahau kwamba tunaiona miti iliyofaulu tu. Ile iliyoshindwa na baridi haina gome la kuuza, kama vile wanafunzi waliovunjika hawaalikwi kuhutubia siku ya wazazi. Na hata ule uliofaulu haukujikomaza kwa ajili yetu. Ulikuwa unatafuta kuishi hadi kesho.

Huyo mama hakuwa mwongo. Alikuwa akifikiri, na huenda kwa kiambato fulani, kwenye mteremko fulani, yuko sawa. Tatizo liko upande wa mnywaji. Baba mdogo alichemsha kipande kilicholingana na kiganja, siku nyingine viwili, ndani ya supu ya mbuzi, bila njia yoyote ya kujua kama ameshika gome kali au dhaifu. Na kwa kuwa lilikuwa "la juu", aliliamini kuliko daktari. Kwa miezi minane alikataa kwenda kupimwa. Mkojo ulikuwa umetulia kidogo, akasema, wa nini kujitia hofu? Mama mdogo ndiye aliyemsukuma hadi hospitali. Ulikuwa uvimbe wa kawaida wa uzee, tukashukuru Mungu. Lakini gome haliwezi kutofautisha uvimbe na saratani, na dalili za mwanzo za mambo hayo mawili hufanana. Sifa ya mlima ilimpa mzee utulivu ambao mlima haukuwa na haki ya kuutoa.

Nisieleweke vibaya: gome hili si porojo. Mwaka 2002 watafiti walikusanya majaribio 18 yaliyohusisha wanaume 1,562, wakaona kwamba waliotumia dawa yake walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusema wamepata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na kitu, na safari za usiku zilipungua kwa asilimia 19. Walionya pia kwamba majaribio yalikuwa mafupi. Lakini wanaume hao hawakunywa supu ya Karatina. Walimeza dawa iliyosawazishwa, na hapa ndipo hadithi ya mwinuko inapogeuka.

Kusawazisha ni hivi. Kiwandani, magome ya kutoka nchi mbalimbali husagwa na kukamuliwa kwa kimiminika, kisha dawa inayotoka hupimwa hadi kila kidonge kiwe na kiwango kilekile, kwa kawaida asilimia 14 ya triterpeni na asilimia 0.5 ya dokosanoli. Gome likiwa dhaifu, litatumika jingi. Likiwa kali, kidogo litatosha. Mgonjwa wa Lyon au Chicago anameza kitu kimoja leo na mwezi ujao. Huo ni uaminifu kwa mgonjwa, na baba mdogo angeufurahia. Ila katika kusawazisha, mahali hufutika. Gunia liliondoka kwetu likiwa na mita, ukungu na upande wa mlima. Kidonge kinatoka bila hata kimoja. Na kwa kuwa gome huuzwa kwa kilo, kali na dhaifu hulipwa bei moja. Mkulima wa pareto angalau alipimiwa nguvu ya ua lake. Nguvu ambayo mlima uliitia ndani ya muiri, kama iliitia, imeingia kwenye hesabu za watu wengine kimyakimya.

Kwa hiyo tuna pande mbili. Soko la Karatina linalisifu mahali bila kupima. Kiwanda kinapima, kisha kinalisahau mahali. Wote wawili wanakwepa swali moja, na hapo ndipo mbegu na mlima vinapokuwa suala la haki.

Tuseme nguvu ni ya mbegu. Basi inaweza kubebwa. Mtu akija na idhini, akalipa, akachukua mbegu bora za Ragati au Hombe, anaweza kuzipanda Meru, Arusha, au hata bara jingine, na dawa itamfuata. Deni lake ni kama la mtu aliyenunua ng'ombe wa mbegu: unalipa, unashukuru, mnaagana. Sheria tulizo nazo zinafikiri hivyo kwa sehemu kubwa. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ulioanza kutumika mwaka 2014, unahusu rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zake kwa haki. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde maarifa ya jadi ya jamii kuhusu bayoanuwai na rasilimali hizo. Ni mambo mema, na yanafaa. Lakini yanashika zaidi kile kinachoweza kufungwa ndani ya bahasha: mbegu na maarifa.

Sasa tuseme nguvu, hata kwa sehemu tu, ni ya mahali. Basi haibebeki. Unaweza kuiba mbegu, huwezi kuiba mita 2,400 za mlima pamoja na asubuhi zake. Kila mzee atakayeihitaji dawa hiyo, kesho na miaka 50 ijayo, atahitaji mlima uwe umesimama pale, na msitu ukiwa msitu. Deni la namna hiyo halina risiti ya mwisho. Kwetu husema kwamba mahari haiishi. Mgeni akisikia hudhani ni ujanja wa wakwe wa kuendelea kudai mbuzi. Maana yake ni kwamba umefungamana na nyumba ile, na utarudi, na kila utakaporudi utakuta wanakuhesabu kuwa mtu wao. Naona kwamba deni letu kwa mlima ni la mahari.

Dunia haikosi mfano wa kufikiri hivi. Wafaransa, haohao ambao kwao gome la muiri liligeuzwa kidonge, hawakubali divai ya mahali pengine iitwe Champagne, hata ikitengenezwa kwa zabibu zilezile na kwa njia ileile. Wanashikilia kwamba udongo na baridi ya kule vimo ndani ya chupa. India ilifanya hivyo kwa chai ya Darjeeling mwaka 2004. Kwa kinywaji cha sherehe na kwa chai ya saa kumi, mahali pamepewa jina na haki. Dawa ya wazee wanaoshindwa kulala inastahili angalau heshima hiyohiyo.

Kuna pingamizi mbili ninazozichukua kwa uzito. Ya kwanza: ukitangaza kwamba gome la mteremko fulani ni kali, umempa mwenye panga ramani. Ni kweli. Chakula cha mti hushuka kutoka majanini kupitia tabaka la ndani la gome. Ukiuvua muiri pande zote, mizizi inakufa njaa na mti unafuata. Ukivua mabamba mawili yanayotazamana, ukaacha tabaka laini lililoshika mbao, ukangoja miaka kadhaa, gome linaweza kuota tena. Anayevua usiku kwa tochi akihofia askari wa msitu hana nafasi ya kuwaza mabamba mawili. Hata hivyo sidhani kwamba dawa ya hatari hiyo ni ujinga. Ramani ya uvumi tayari ipo. Ndiyo aliyonipa yule mama wa Karatina. Ujuzi uliopimwa vizuri unaweza angalau kumwambia mvunaji kwamba hapati alichofikiri, na kumwambia mkulima ni miche ya mama gani apande.

Pingamizi ya pili inauma zaidi. Nikisema nguvu ni ya mlima na ibaki mlimani, je, simwambii mtu wa Kieni awe mlinzi wa dawa ya watu wengine bila mshahara? Yeye ndiye aliyeliwa viazi na ndovu, ndiye anayelipia kibali cha kuokota kuni, ndiye anayeulizwa na askari ametoka wapi. Mahari, kumbuka, hupelekwa nyumbani kwa watu, haipelekwi kwa jiwe. Deni kwa mahali haliwezi kulipwa kwa kuwazungushia uzio walio mahali hapo. Linalipwa kwao: kwa vyama vya jamii vya misitu ambavyo sheria inavitambua tangu 2005, kwa bei inayotofautisha gome lililovunwa kwa adabu na lile lililonyang'anywa, na kwa kumnunulia mkulima gome la muiri alioupanda mwenyewe kwenye mpaka wa shamba lake.

Hapo mtu ataniuliza: na gome la shamba la Tetu, kwenye mita 1,900, likitoka dhaifu kuliko la msituni? Basi na liwe dhaifu. Kiwanda kitasawazisha, ndiyo kazi yake. Tukitumia magome mengi zaidi ya miti inayopandwa tena, tumepoteza kilo. Tukitumia machache ya miti inayokufa, tumepoteza msitu. Kilicho kikali zaidi na kilicho bora si kitu kimoja, jambo ambalo kila anayekunywa chang'aa analijua.

Na hata shamba halijikati na mlima. Mbegu ya muiri haikai. Ukiiweka kwenye mkebe kama maharagwe, katika muda mfupi imekufa. Inabidi iokotwe mbichi chini ya mti mama, baada ya ndege na nyani kula nyama ya tunda, na ipandwe upesi. Kwa hiyo hata yule anayesema nguvu yote ni ya mbegu, akitaka mbegu, itambidi apande msituni tena mwaka ujao, na aukute mama bado ana gome lake. Mbegu na mlima havijaachana vya kutosha kutuwezesha kulipa kimoja na kukiruka kingine.

Natamani siku moja gome liuzwe Karatina likiwa na karatasi ndogo inayosema mambo matatu: limetoka upande gani wa mlima, lina nguvu kiasi gani kwa kipimo, na mti wake uko hali gani. La kwanza ni haki ya mahali, la pili ni haki ya mgonjwa. La tatu ndilo ningelisoma kwanza.